Akaunti moja ya gazeti, Mtwara na Masasi

Kaka, umeuliza kwa nini akaunti moja ya gazeti la mtandaoni, wewe ukiwa Mtwara na shemeji Masasi, inakutoa. Umbali si tatizo. Shida ni idadi ya vifaa. Kila simu ikiingia, seva (kompyuta ya gazeti) huipa alama yake ya utambulisho. Zikizidi kikomo, mara nyingi ya zamani hutolewa, ndiyo maana shemeji akifungua kule Masasi wewe unaombwa nywila upya. Nahudumia wateja wa intaneti hapa Ligula, Mtwara, kesi hizi haziishi. Ila kuweza kuingia si sawa na kuruhusiwa kutumia akaunti moja watu wawili: gazeti la Marekani The New York Times, kwa mfano, usajili wa kawaida ni wa mtu mmoja. Ule wa familia, ulioanza 2025, unachukua wanne, kila mtu na akaunti yake. Ukitaka kumtoa mtu, usibadili nywila tu, bonyeza pia kitufe cha "ondoka kwenye vifaa vyote" kama kipo.