Kanuni za 2002 si za huku kwetu

Hapana, ndugu yangu unayesema mwalimu mkuu wa huku Zanzibar anaweza kumfukuza mwanafunzi kwa Kanuni za 2002. Hizo Kanuni za Kufukuza Wanafunzi za 2002 ulizozitaja zimetungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, nayo ni ya Tanzania Bara. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Skuli za Unguja na Pemba zina Wizara yake na sheria yake ya 1982, kwa hiyo mwalimu mkuu wa huku hawezi kuzishika kanuni za Bara akamtoa mtoto.

Na kwa mtoto wa kike aliyepata mimba ndiyo kabisa: Zanzibar ilikuwa ikiwarudisha darasani baada ya kujifungua miaka kadhaa kabla Bara haijaruhusu, Novemba 2021. Nimekaa kwenye kamati ya skuli hapa Pemba, tukampokea mmoja, mama yake akibaki na kichanga. Alisoma vizuri sana yule.

Ila kinachowatoa wengi ni aibu na maneno ya mtaani, hata barua ya kufukuzwa haijaandikwa. Mzazi akiambiwa kwa mdomo tu "mwanao asije tena", asikubali, aende ofisi ya elimu ya wilaya.