Maswali na Majibu: Kilo za Mchanga na Mgao wa Mtumbwini

SWALI: Nanunua usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) mkavu Kyela na kuuuza Mwanjelwa. Kila gunia la kilo 50 nakata kilo 5 za mchanga. Akina mama wanaoanika wanasema nawadhulumu, na mchanga kweli upo. Haki iko wapi?
Mfanyabiashara, Mbeya

JIBU: Mchanga upo, Mama, lakini je, unafika kilo 5? Kiwango kimoja kwa magunia yote humwadhibu anayeanika kwenye chanja sawa na anayemwaga samaki ufukweni. Kesho na yule wa chanja atarudi mchangani, maana usafi haumlipi.

Pimeni mbele ya muuzaji. Chota juu, katikati na chini ya gunia mpaka ipatikane kilo 1, uchekeche kwa chekeche la unga, kisha upime kilichodondoka kwa mizani ya gramu. Vipande vya vichwa na mikia virudishe, hivyo ni samaki. Ukibaki mchanga wa gramu 40, ni asilimia 4, kwa hiyo gunia la kilo 50 linakatwa kilo 2. Kwa hesabu hiyo, zile kilo 3 za juu umekuwa ukizipata bure.

Mizani nayo iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Ukiitilia shaka, pima dumu tupu, litie maji lita 10, upime tena: tofauti iwe kilo 10.

Unyevu usiuchanganye na mchanga. Usipa uliokauka ukiukunja unakatika. Ukipinda tu, bado una maji, na ukifungwa hivyo gunia hupata joto na kuota ukungu kabla hujauuza. Huo urudi juani, bei ibaki ileile. Msimkate mtu kilo kwa kukisia, hasa masika, mvua ya Kyela inapomwachia saa chache za jua. Mkumbuke pia kwamba karibu robo tatu ya samaki mbichi ni maji: kilo 1 kavu imetoka kwenye kilo 3 hadi 4 alizonunua yeye mwenyewe pale ufukweni.

Dawa ya kudumu ni chanja za mianzi zinazofika kiunoni, juu yake nyavu chakavu, usipa utandazwe safu moja na kugeuzwa mara kwa mara. Ukiwakopesha fedha za kuzijenga, andikeni deni na marejesho yake kwenye daftari. Mkopo unaolipwa kwa kuuziwa bei ya chini hauishi, na ndio unaowafunga wengi ziwani.

SWALI: Tuko sita kwenye mtumbwi mmoja, tunavua usiku, Matema. Gharama zikitoka, tajiri mwenye mtumbwi na nyavu huchukua nusu, lakini ukarabati wa nyavu nao huhesabiwa kwenye gharama. Tukiuliza, tunaambiwa ni desturi. Mwenzetu mmoja ana miaka 15.
Mvuvi

JIBU: Nusu kwa nusu yenyewe haina ubaya mkikubaliana. Kasoro ni ukarabati. Tuseme mauzo ni sh. 300,000, petroli na chakula 60,000. Zinabaki 240,000: tajiri 120,000, nanyi 20,000 kila mmoja. Ukikatwa kwanza ukarabati wa 60,000, mnashuka hadi 15,000 kila mmoja. Hapo mmechangia 30,000 kwa nyavu zisizo zenu, wakati nusu ya tajiri tayari ndiyo malipo ya chombo na zana. Mnalipia nyavu mara mbili.

Elewaneni kabla ya kuingia majini gharama zipi ni za wote, na mziandike. Wawili wenu wasimame kwenye mizani samaki wanapouzwa, waandike tarehe, kilo, bei na mnunuzi. Bila hilo, hata mgao mzuri unagawa fedha msiyoijua. Akikataa, nendeni BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wenu, na kama viongozi wake ni wenye mitumbwi haohao, moja kwa moja kwa afisa uvuvi wa wilaya.

Suala la kijana halisubiri kikao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari, na uvuvi wa usiku ni hatari. Ashuke mtumbwini leo, na mgao wake wa siku alizokwisha kufanya kazi alipwe wote.