Mavi ya chuma kwenye matofali ya saruji

SWALI
Papa, mimi nafyatua matofali ya saruji huku Katuba. Kijana mmoja ananiletea mavi ya chuma, yale mabaki magumu ya kuyeyusha, kutoka kwenye tanuru linaloyeyusha vyuma vikuukuu, kwa nusu ya bei ya kokoto. Anasema Ulaya na India serikali zenyewe zinatoa pesa ili takataka hizo zitumike. Kweli? Na kwa nini serikali ilipie utafiti wa uchafu wa tajiri?
Mama K., Lubumbashi

JIBU
Mama K., huyo kijana amekwambia mzigo wake umekaa nje, unapigwa na mvua, muda gani? Kama hajui, usipokee.

Yamenikuta mimi. Nilipojenga baraza ya nyumba yangu nilishindilia mavi ya chuma chini ya sakafu, mapya kabisa, yametoka kiwandani wiki ileile. Kiangazi kizima baraza ilikaa sawa kama meza. Mvua za mwaka wa pili, Januari, sakafu ikatutumka katikati kama unga wenye hamira, ikapasuka, na mlango wa mbele unaofungukia nje ukakwama. Wiki mbili wageni tuliwapitisha jikoni. Mke wangu hajasahau.

Ilikuwa chokaa. Wayeyusha chuma huitia tanuruni inase uchafu, na nyingine hubaki haijaungana na kitu. Ikikutana na maji huvimba ikakaribia mara mbili ya ukubwa wake wa kwanza, tena polepole, wakati tofali limeshauzwa na ukuta umeshapigwa rangi. Ndiyo maana nimekuuliza habari ya mvua: mzigo uliokaa nje, chokaa yake huvimba huko huko kabla hujajenga.

Usiyachanganye na mampala ya mlima wetu ule mweusi, ulioanza kurundikwa enzi za kampuni ya shaba ya Union Minière, iliyowasha tanuru hapa mwaka 1911. Yale ni mabaki ya shaba. Hayana shida hiyo ya chokaa, ila yana metali zake, na vumbi lake nisingependa walivute watoto wako uani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilijengwa tanuru la umeme pale pale kuyayeyusha upya ili kutoa kobalti. Kobalti ina mnunuzi, basi pesa zilikuja zenyewe.

Mavi ya chuma hayana kobalti, na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Tajiri anayeuza chuma hatalipa watu wapime kipande cha barabara miaka kadhaa ili takataka yake iuzwe kwa bei ya kokoto. Mjenzi naye hatajaribu kwa hasara yake. Wote wawili wanamngoja mwingine atangulie, na rundo linazidi kupanda.

India, wizara ya chuma iligharimia utafiti huo, ikawapa kazi wataalamu wa barabara wa serikali. Mwaka 2022 huko Hazira, mjini Surat, ikafunguliwa barabara ya kilomita 1 yenye njia sita, kokoto zake zote ni mavi ya chuma. Lakini yalitayarishwa kwanza, Mama! Hayakutoka tanuruni yakaenda barabarani moja kwa moja kama ya kijana wako.

Ulaya njia yao ni nyingine, nami naipenda zaidi. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya makaa ya mawe na chuma vilikuwa vikikatwa ushuru chini ya mkataba wao wa pamoja. Mkataba ulipoisha mwaka 2002, akiba iliyobaki haikugawanywa. Ikawa mfuko wa utafiti, na asilimia 72.8 ya fedha za utafiti huenda upande wa chuma. Kwa hiyo si pesa ya mwananchi tu, na uchafu wa tajiri umelipiwa kwa sehemu na tajiri mwenyewe. Sisi wenye migodi tungeweza kuiga hilo bila aibu.

Kwa sasa, vunja vipande vichache kwa nyundo utazame ndani. Ukiona vipunje vyeupe, mrudishie mzigo. Usipoviona, bado usijenge: fyatua matofali machache, yapime urefu, yachemshe kwenye pipa saa kadhaa, yapime tena. Yakirefuka hata kidogo au yakipata nyufa, nunua kokoto. Yasipobadilika, peleka sampuli kwenye maabara ya ujenzi kabla hujamuuzia mtu.

Vifusi vya baraza yangu bado viko nyuma ya nyumba. Ukipita, njoo uone hivyo vipunje. Vikubwa ni kama punje ya mchele.