Usiku silali, mchana sitoki

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani hapa Morogoro, tukapunguzwa. Usiku silali. Alfajiri mke wangu anakwenda gengeni, mimi nalala hadi saa tano. Simu za marafiki sipokei. Nimekuwa mvivu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huo si uvivu hata kidogo. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, Austria, kilipofungwa, mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake waliwachunguza wakazi waliobaki bila kazi, wakatoa matokeo mwaka 1933. Wanaume walitembea taratibu, wakisimamasimama njiani. Hata vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko zamani, na muda walikuwa nao tele! Kazi haikupi mshahara tu. Inakupa saa ya kuamka, watu wa kuzungumza nao, na nafasi yako mbele ya wenzako.

Kwa hiyo kesho amka na mkeo, mbebee tenga la nyanya, mwekee daftari la mali na mauzo. Hiyo fani unaijua. Rafiki mmoja mpigie, mwambie wazi unatafuta kazi. Usingizi ukizidi kukukimbia, nenda hospitali ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.