Walitenga kikombe changu, wembe wakauacha

Nilijua kuwa nina virusi vya homa ya ini aina B baada ya kwenda kuchangia damu, wakati ambapo sikuwa na maumivu wala macho ya manjano. Nilipowaeleza wa nyumbani, kikombe na sahani yangu vilitengwa siku hiyo hiyo, ilhali wembe niliokuwa nikitumia pamoja na mdogo wangu ulibaki bafuni palepale.

Hofu yetu ilikuwa imeelekea pasipo hatari. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Hupita katika damu na majimaji ya mwili, yaani kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa kujamiiana bila kinga, na kwa kuchangia wembe, mswaki, sindano au vifaa vya kuchanjia chale, kwa kuwa huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Daktari alinieleza kwamba watu wazima wengi walioambukizwa hupona wenyewe, na kwamba maambukizi huitwa sugu yanapodumu zaidi ya miezi 6. Yangu yalidumu. Sijaanzishiwa dawa, kwa sababu si kila mgonjwa huhitaji, lakini hupimwa damu na ini mara kwa mara na nimeacha pombe. (Nimeacha pia chupa za mitishamba ya "kusafisha ini", ambazo zilinimalizia fedha na ambazo nyingine huliumiza ini lenyewe.)

Kwa walio karibu na mgonjwa, ushauri wangu ni kupima kwanza, kwa sababu chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mke wangu alipokutwa salama alichomwa dozi 3: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Tanzania ilianza kuwapa watoto wote chanjo hii mwaka 2002, hivyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Mjamzito naye aombe kipimo mapema kliniki, maana mtoto wa mama mwenye virusi anahitaji chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Akisubiri ile ya wiki ya 6 atakuwa amechelewa.

Mdogo wangu, mwenye kuogopa sindano, alikwenda kupima wa mwisho. Hakukutwa na virusi; dozi yake ya tatu ni mwezi ujao, na sasa ana wembe wake.