Mboga za sahani na vidonge vya duka la dawa

SWALI: Mume wangu ana miaka 54 na amevuta sigara tangu ujana wake. Rafiki yake amempa kichupa cha vidonge vya beta-karotini, akimweleza kwamba ni antioksidanti ya mimea (kiini kinachosaidia kukinga seli za mwili zisiharibiwe) na kwamba kidonge kimoja kwa siku kinazidi bakuli zima la mchicha. Je, avitumie?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, asivitumie, na sababu kubwa ni hiyo sigara uliyoitaja. Wataalamu wenyewe waliwahi kuamini kama anavyoamini rafiki wa mumeo, kwa kuwa watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra kuliko wengine, na beta-karotini, kiini cha mboga na matunda ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ikadhaniwa ndiyo inayowakinga. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishirikishwa katika utafiti ambamo baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku; matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, ilibainika kwamba saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliomeza vidonge hivyo. Utafiti wa Marekani, uliowahusisha wavutaji sigara na watu waliowahi kufanya kazi penye vumbi la asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu), ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakiugua saratani ya mapafu zaidi badala ya kukingwa.

Madhara hayo hayajaonekana kwa walaji wa mchicha, karoti au viazi lishe. Katika chakula, beta-karotini huja kwa kiasi cha wastani, ikiwa imechanganyika na nyuzinyuzi na viini vingine vingi, ilhali kidonge hubeba kiini kimoja kwa wingi ambao tumbo halikuuzoea.

Wapishi wetu, bila kusoma tafiti hizo, wamekuwa wakifanya sawa kwa kuunga mchicha kwa nazi au karanga, maana beta-karotini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Nyanya nayo hutoa laikopini yake, kiini kinachoipa wekundu, kwa urahisi zaidi ikipikwa kwa mafuta kuliko ikiliwa mbichi. Vitamini C, kinyume chake, huharibiwa na moto, hivyo mapera na machungwa yaliwe kama yalivyo.

Tusieleweke kwamba kila kidonge ni kibaya: mama mjamzito aliyeandikiwa madini ya chuma na asidi ya foliki aendelee kuvimeza kama alivyoelekezwa kliniki.

Mumeo akiwa na vidonge vingine vya vitamini mchanganyiko, msome pia maandishi ya kwenye kichupa, kwa kuwa beta-karotini huweza kuandikwa humo chini ya jina la vitamini A, kisha avionyeshe kwa daktari siku atakayokwenda kuomba msaada wa kuacha sigara.