Re: Gitaa dogo la safari halikai kwenye tyuni

Mkuu, gitaa dogo kutoka tyuni (nyuzi kupoteza sauti zake sahihi) kila ukishuka basi sio ubovu. Shingo yake ni fupi, kwahiyo kwa noti ileile nyuzi zinakaa legelege kuliko kwenye gitaa kubwa, ukibonyeza kwa nguvu tu sauti inapanda. Mi nilitoa seti ya nyuzi namba 11 nikaweka 13, yaani nene zaidi zinazokaza zaidi (ulizia kwanza kama lako linahimili), likatulia. Nyuzi mpya zivute kwa vidole, tyuni, vuta tena mpaka zigome kushuka. Ukipitiliza noti, shusha chini yake halafu panda taratibu. Ukisikia "tik!" wakati unakaza, uzi umenata kwenye kile kimfupa cha juu ya shingo nyuzi zinapopita kwenda kwenye vifunguo vya kukazia, sugua penseli kwenye vijia vyake. Na usiliache kwenye gari juani aisee, langu lilibanduka daraja (kile kibao kilichogundishwa kwenye bodi, nyuzi zinapofungwa).